Mama Mwalimu Anajibu: Shule ya Leta, ya Kanisa au ya Binafsi?

Septemba inakaribia, na barua karibu zote za mwezi huu zinauliza jambo moja: mtoto nimpeleke wapi? Nimefundisha shule za msingi hapa Lubumbashi miaka 31, kwanza komini, yaani mtaa, ya Kenya, kisha Ruashi. Nitajibu kama mtu aliyeshika chaki. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua iko ndani ya nyumba nyingi.

Jambo, Mama Mwalimu. Niko Katuba, ninauza makala ya kupikia, mume wangu anaendesha manseba, pikipiki ya abiria. Mtoto wetu wa kwanza anatimiza miaka 6 mwezi wa nane, na nyuma yake kuna wadogo wawili. Karibu na sisi kuna shule tatu. Ya Leta, yaani ya serikali, haina malipo lakini watoto wamejaa. Ya mapadri nayo haina malipo, ila majirani wanasema kupata nafasi ni vita. Ya tatu ni ya binafsi, dola 25 kila mwezi, watoto wanaongea Kifaransa tangu wadogo. Mume wangu anataka hiyo ya binafsi. Anasema shule ya Leta ni ya watoto ambao wazazi wao wamekata tamaa. Mimi naogopa pesa. Tufanye nini? – Mama wa Katuba

Mama wa Katuba, jambo sana. Tuanze na hesabu, kwa sababu umezitaja hizo dola 25 kana kwamba ni mzigo wa mwezi mmoja. Mwaka wa masomo una miezi 10, Septemba mpaka Juni. Hiyo ni dola 250 kwa mwaka, bado unifomu, viatu na madaftari. Darasa la kwanza hadi la sita ni dola 1,500 kwa mtoto mmoja. Siku wote watatu watakapokuwa shuleni pamoja, mtakuwa mnatafuta dola 75 kila mwezi. Sasa keti na baba yao, mfikirie mwezi ulio mbaya kuliko yote, tuseme Januari: mvua inanyesha tangu alfajiri, manseba haipati abiria, makala yamelowa. Mwezi huo dola 75 zitatoka wapi?

Sikuulizi ili kukukatisha moyo. Nimepokea watoto wengi sana katikati ya mwaka, mwezi wa pili, mwezi wa tatu, wamefukuzwa huko walikotoka kwa sababu ya deni. Buletini, ile karatasi ya alama za mtoto, imefungiwa kabatini kwa mkurugenzi wa shule mpaka mzazi alipe. Mtoto wa namna hiyo anaketi nyuma ya darasa, hajui mtu, hana karatasi inayoonyesha alifika wapi. Wengi nimeona wakirudia darasa, na akili walikuwa nayo. Kilichowarudisha nyuma ni deni la dola 60. Kwa hiyo bei ya kutazama ni ile mnayoweza kuibeba miaka sita mfululizo. Bei ya siku ya kuandikisha haikuambii kitu.

Jambo la pili, majina ya shule yasikuchanganye. Shule ya mapadri si ya binafsi. Mwisho wa 1974, wakati wa Mobutu, Leta ilizichukua shule za makanisa zote mikononi mwake. Mambo yakaenda vibaya upesi, na tarehe 26 Februari 1977 Leta ikaweka sahihi na makanisa ili wenyewe warudi kuziendesha. Ndizo tunazoziita shule za konvansione, za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu, na baadaye za Waislamu pia. Kanisa linaweka mkurugenzi na kulinda nidhamu, Leta inalipa walimu na kutoa programu. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na haina malipo katika shule za umma, na tangu Septemba 2019 hilo lilipoanza kutekelezwa, shule ya Leta na ya mapadri ziko kwenye kapu moja. Programu ni ileile. Mtihani wa mwisho wa darasa la sita, ENAFEP, ni uleule, na mtoto wa shule ya binafsi yenye ruhusa anaufanya uleule pia.

Kinacholeta tofauti ni nani anamlipa mwalimu na nani anamsimamia. Kwa shule ya binafsi, mwenye shule anamlipa mwalimu kutoka kwenye hizo dola zako 25. Wazazi wakichelewa, mwalimu naye anachelewa, na akipata mahali pazuri zaidi anaondoka hata kabla ya Pasaka. Ziko shule za binafsi zinazowashika walimu wao miaka kumi, ninazijua na ninaziheshimu. Ziko nyingine ambazo mtoto wa darasa la kwanza anabadilisha walimu watatu kwa mwaka mmoja. Nenda ukaulize swali moja tu: mwalimu wa darasa la kwanza yuko hapa tangu mwaka gani? Usimuulize mwenye shule, muulize mlinzi wa mlango, au mama anayeuza mikate pale nje. Hao wanajua.

Nitasema ukweli wa upande wa pili pia. Mwaka wa masomo wa 2024 ulipoanza, walimu wa shule nyingi za Leta na za Wakatoliki nchini waligoma kwa ajili ya mishahara, na watoto wakakaa nyumbani wakati wenzao wa binafsi wanasoma. Mzazi anayelipa dola 25 ili mtoto asipoteze wiki za namna hiyo, simlaumu.

Kuhusu neno la mume wako, kwamba Leta ni ya waliokata tamaa, mpe salamu zangu na umsomee hapa. Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa shaba. Nimesoma shule ya Gécamines, kampuni ya migodi, na Gécamines ilikuwa mali ya Leta. Tulikuwa wachache kwa darasa, madaftari tulipewa, mwalimu alikuwa na nyumba na mposho kama baba zetu, na watoto wa mjini walitutamani. Shule ya umma ilikuwa nzuri kwa sababu mwalimu alikuwa anakula. Mishahara ya Leta ilipokwisha nguvu katika miaka ya 1990, wazazi wakaanza kutulipa sisi walimu wenyewe, ile primu. Nimeila primu hiyo karibu kazi yangu yote.

Mwaka 1998 nilikuwa na msichana wa darasa la nne, mguu mmoja sandali ya bluu, mwingine ya kijani. Jumatatu ilikuwa siku ya orodha. Mkurugenzi analeta majina ya wasiolipa, mwalimu anasoma, watoto wanatoka. Jina lake nililisoma mimi. Hakurudi nyumbani. Alikaa chini ya mwembe ulio nyuma ya darasa, upande wa dirisha, na nilipoanza kuwauliza watoto hesabu ya mara saba nikasikia sauti inaitikia kutoka nje: saba mara nane, hamsini na sita. Darasa zima likageuka kuangalia dirishani. Mimi nikaendelea kufundisha, kwa sababu primu ndiyo ilikuwa inanunua unga wa bukari, yaani ugali, nyumbani kwangu. Mwezi uliofuata hakuwepo hata chini ya mwembe. Kwa hiyo mtu akiniambia mbele yangu kwamba shule kuwa bure ni upuuzi, siwezi kumkubalia, hata anipe sababu ishirini.

Lakini najua ulichokiona pale mlangoni ulipoandika kwamba watoto wamejaa. Mwaka 2018 nilikuwa na watoto 48. Oktoba 2019 nilikuwa na 103. Dawati la watoto watatu likabeba watano, na yule wa mwisho pembeni akawa anaandikia pajani. Sikuweza kusahihisha madaftari 103 kwa usiku mmoja, nikawa nasahihisha ya safu moja kila siku, yaani kila mtoto aliona kalamu yangu nyekundu mara moja kwa wiki. Anayefanya vizuri aliendelea vizuri. Anayeteleza aliteleza mbali kabla sijamwona. Hilo ndilo la kuogopa kwa shule iliyojaa, kuliko vumbi na vyoo.

Sasa Kifaransa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wazazi wengi na sitaficha. Programu ya Leta inataka darasa la kwanza na la pili lifundishwe kwa lugha ya watoto, kwetu ni Kiswahili, na Kifaransa kiingie polepole mpaka kishike kazi yote baadaye. Shule nyingi za binafsi zinaruka hatua hiyo, kwa sababu mzazi anapenda kumsikia mtoto wa miaka mitano akisema bonjour. Ninaelewa. Lakini mtoto anayejifunza herufi kwa maneno asiyoyajua anabeba mizigo miwili kichwani mara moja. Akisoma "mama anapika bukari" anacheka, kwa sababu ameliona jambo lenyewe. Akisoma sentensi ya Kifaransa juu ya theluji, anaimba tu. Ni kweli Kiswahili cha vitabu si kile cha Katuba. Kitabu kinasema "shule", mtoto wako anasema anaenda "ku masomo". Siku mbili tatu anashangaa, halafu anazoea.

Fanya hivi, mama. Ukifika katika kila moja ya shule hizo tatu, omba kuongea na mtoto wa darasa la tatu. Mpe kitabu chake, mwache afungue ukurasa anaoupenda. Atausoma mbio bila kosa. Kisha weka kiganja chako juu ya picha, weka kidole kwenye neno moja katikati ya mstari wa nne, umwambie, "Mwanangu, hili peke yake ni neno gani?" Kama amejifunza kusoma, atalitamka, hata kwa kugugumia. Kama alikuwa amekariri, atarudi mwanzo wa ukurasa na kuanza kuimba tena mpaka afikie kidole chako. Nimewaona watoto wa shule zenye kuta za vigae wakiimba hivyo, na watoto wa shule zenye mabati yaliyotoboka wakisoma neno papo hapo. Wafanyie hivyo watoto watatu wa shule moja, wasichana na wavulana.

Na uombe daftari. Lolote, la mtoto yeyote. Tazama tarehe: kuna kazi ya kila siku au zinarukwa wiki nzima? Tazama wino mwekundu. Alama ya vema tu chini ya ukurasa ina maana mwalimu alipita. Neno lililokosewa likiwa limeandikwa upya pembeni, na mtoto amelirudia mara tatu chini yake, mwalimu alikaa na mtoto huyo. Hakuna ukuta wala unifomu inayokuambia hilo.

Kwa barua yako, ningekuwa wewe, ningeanza kwa mapadri. Usingoje Septemba, nenda wiki hii na cheti cha kuzaliwa, na uende mwenyewe, usitume mtu anayejuana na mtu. Nafasi zinapotea kwa wale wanaosubiri kuitwa. Ikikosekana, nenda ile ya Leta, hesabu watoto wa darasa la kwanza. Wakiwa 60 au 65 na mwalimu ni mzoefu, mwandikishe bila aibu, na kati ya zile dola 25 ambazo hamtazilipa toa 5 kila mwezi kwa mwanafunzi mkubwa wa jirani, mvulana au msichana wa humanite, yaani sekondari ya juu, aketi na mtoto wako nusu saa kila jioni wakisoma kwa sauti. Wakiwa 100 na zaidi, hapo nakubaliana na mume wako kwamba mtafute kwingine, hata ya binafsi, ila iwe iliyo na bei mnayoweza kuilipa mwezi wa Januari. Na baba yao aende naye kuweka kile kidole kwenye mstari wa nne. Manseba inamfikisha kote kwa asubuhi moja.

Mama Mwalimu, kwenye shule ya msingi ya watoto wangu, ambayo ni ya bure, mkurugenzi ametuma neno: kila mtoto franka 5,000 za mlinzi kwa trimesta, yaani muhula. Nikatae? – Baba wa watoto wanne, Kamalondo

Baba, kwa shule ya msingi ya umma, mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa, iwe ya mlinzi au ya chaki. Mimi nisingeanza kwa kukataa. Ningeanza kwa kuuliza kwa upole mambo mawili: uamuzi huo uliandikwa wapi, na risiti yenye muhuri nitaipata? Kisha mtafute rais wa kamati ya wazazi, kwa sababu kama wazazi wenyewe walikutana na kukubaliana kuchangia mlinzi, ni mchango, na anayekosa hafukuzwi. Kama kamati haijui kitu, nendeni watatu au wanne pamoja kwenye ofisi ya elimu ya mtaa, su-divizio, mkaulize. Mzazi mmoja akienda peke yake, mtoto wake ndiye anayetazamwa vibaya kesho yake. Sekondari ni jambo lingine kabisa, huko ada inawekwa kila mwaka kwa amri ya gavana na mnalipa.

Jambo, Mama. Dada yangu alipelekwa Marekani na watoto wake kutoka kambi ya wakimbizi, wako Phoenix, Arizona. Mwanaye wa miaka 9 yuko shule ya umma ya mtaa. Jirani anamwambia amhamishe kwenye shule inayoitwa charter, eti ni bora. Dada ananiuliza: charter ni kama shule ya konvansione kwetu? Analipa? Mimi sijui la kumwambia. – Kaka wa Kampemba

Kaka, swali la dada yako limenifurahisha, kwa sababu zinafanana nusu na kutofautiana nusu.

Charter maana yake ni mkataba. Jimbo la Minnesota ndilo lililotunga sheria ya kwanza ya shule hizo mwaka 1991, na ya kwanza ikafunguliwa mji wa St. Paul mwaka 1992. Arizona ilifuata 1994 na sasa ina nyingi sana, ndiyo maana jirani anazijua. Zinafanyaje kazi? Pesa ni ya Leta yao, mzazi halipi ada, lakini shule inaendeshwa na bodi yake yenyewe kwa mkataba wa miaka kadhaa. Wakishindwa kutimiza walichoahidi, mkataba haurudiwi na shule inafungwa. Watoto wakiomba kuliko nafasi zilizopo, wanapiga kura ya bahati nasibu. Mpaka hapo unaweza kusema ni ndugu ya konvansione: Leta inatoa pesa, mwingine anaendesha.

Ila kwetu mwendeshaji ni kanisa, na huko kanisa haliruhusiwi. Kulikuwa na Wakatoliki wa Oklahoma waliotaka kufungua charter yao. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na Mei 2025 majaji wakagawanyika 4 kwa 4, kwa hiyo uamuzi wa mahakama ya Oklahoma wa kuwakatalia ukabaki. Dada yako asitegemee kukuta sala ya asubuhi wala masista.

Kama ni bora? Iko iliyo bora na iko iliyo mbaya, sawa na hapa. Kwa mtoto aliyetoka kambini na Kiswahili chake, mimi ningemwambia dada aulize mambo haya kabla ya kumtoa mahali alipo. Kwanza, Kiingereza. Mahakama Kuu yao iliamua mwaka 1974, katika kesi ya watoto Wachina wa San Francisco, kwamba shule haiwezi kumweka mtoto darasani asiyeelewa lugha na kumwacha hivyohivyo, lazima imsaidie. Charter nazo zinabanwa na hilo. Aulize: mwalimu wa kuwasaidia watoto wageni wa Kiingereza yuko, na anakaa na mtoto saa ngapi kwa wiki? Shule ya mtaa yenye mwalimu wa namna hiyo na watoto wengine wa Kikongo ninaipendelea kuliko charter yenye sifa isiyo naye. Pili, basi. Charter nyingi za huko hazina basi, na joto la Phoenix mwezi wa nane linapita digrii 40. Kama dada anafanya kazi ya usiku, nani atampeleka mtoto? Tatu, aombe mkalimani wa Kiswahili siku ya kikao na mwalimu. Ni haki yake, si fadhila, na asimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri, maana mtoto wa miaka 9 hawezi kumwambia mama yake kwamba mwalimu amelalamika juu yake.

Na mwambie wasiache kusoma Kiswahili nyumbani. Hata barua zako za sauti, mwombe mtoto aandike majibu.

Mama Mwalimu, nina uchungu. Mtoto wangu amesoma miaka mitano shule moja ya binafsi hapa Annexe. Nimelipa kila mwezi, risiti zote ninazo. Sasa anaingia darasa la sita, na mzazi mmoja ameninong'oneza kwamba shule haina ruhusa ya Leta, eti watoto wa mwaka jana walifanya mtihani kwa jina la shule nyingine. Nimemuuliza mwenye shule, anasema "karatasi ziko Kinshasa". Nifanye nini? Mtoto wangu ana akili sana. – Mama wa Annexe

Mama yangu, pole. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umelipa, umeamini, na sasa unasikia mambo ya pembeni. Kosa si lako. Watu hatuzoei kudai karatasi za shule wakati karatasi za parseli, kiwanja cha nyumba, tunazidai mpaka za babu.

Hii ndiyo hali. Shule ya binafsi inahitaji amri ya waziri inayoikubali, ile agrema, yenye namba na tarehe. Mwenye shule mwenye nayo huwa ameibandika ukutani kwenye ofisi, na ukimuuliza anasimama na kukuonyesha kwa kidole. "Ziko Kinshasa" inaweza kuwa kweli, maana faili zinachelewa miaka. Lakini mtoto wako hafanyi mtihani kwa faili iliyo njiani. Shule isiyo na ruhusa haiandikishi watoto wake kwa ENAFEP kwa jina lake, kwa hiyo inawapitisha kwa shule nyingine. Siku ya matokeo jina la mtoto linatafutwa kwenye orodha ya shule ambayo hakuwahi kukanyaga, na kukiwa na kosa la herufi moja, au wakurugenzi wawili wakigombana kwa pesa, mzazi anazungushwa kati ya ofisi mbili na kila moja inamwambia aende kule.

Unaweza kujua kitu leo usiku, kabla hujaenda popote. Chukua buletini ya mwaka uliopita. Buletini ya Leta ina visanduku vidogo juu, pale penye N° ID, na upande wa jina la shule kuna visanduku vya Code. Tazama kama vimejazwa. Kama visanduku vya Code ni vitupu miaka yote mitano, au kila mwaka vina namba tofauti, au jina la shule kwenye muhuri si jina lililo mlangoni, umepata jibu lako bila kugombana na mtu.

Kesho yake nenda su-divizio na buletini zote tano, za asili, na kopi mkononi. Za asili usimwachie mtu, onyesha tu. Uliza kwa utulivu: shule hii inajulikana hapa, na kwa namba gani? Wakisema hapana, usirudi kupigana na mwenye shule. Utapigana naye baadaye kwa ajili ya pesa, na risiti zako uziweke mahali pakavu kwa siku hiyo. Sasa hivi kinachotangulia ni mtoto. Mwandikishe darasa la sita kwenye shule yenye ruhusa, ya Leta, ya konvansione au ya binafsi, kabla mwezi wa tisa haujaanza, maana majina ya mtihani yanakusanywa wakati mwaka unaendelea na mtoto anayeingia Machi anapokelewa kwa shida. Mkurugenzi mpya anaweza kutaka kumpima mtoto kwanza, mkubalie. Wewe mwenyewe unasema ana akili, mwache aionyeshe kwenye karatasi. Kuna wakurugenzi watakaosema arudi la tano. Mmoja akisema hivyo, omba ampime kwanza, na akikataa kumpima, nenda kwa mwingine.

Jambo moja zaidi, kuhusu mtoto. Watoto wa miaka 11 wanasikia kila kitu kupitia ukuta wa chumba. Atakuwa anafikiri miaka yake mitano ilikuwa ya uongo. Keti naye, fungua daftari lake la darasa la tano, mwonyeshe zile sehemu alizosoma na kuelewa, mwambie hizo ni zake, hakuna anayeweza kuzifungia kabatini.

Nenda Jumatatu asubuhi, ofisi zikiwa bado hazijajaa watu. Ukirudi, niandikie walichokuambia.